Mama Mkwe Hasimami Dirishani

Kama umewahi kupita barabara ya Homa Bay kwenda Rangwe, ukaona mama mrefu amekaa mlangoni amenyoosha miguu, katani imemjaa mapajani, na hakuinua macho hata ulipomsalimia mara mbili, basi huyo ni dada yangu Rael. Usidhani ni kiburi. Anahesabu nyuzi. Akikosea uzi mmoja hufumua kikapu kizima, hata kama mnunuzi yuko hapo hapo na pesa mkononi. Kwetu tulizaliwa wengi, lakini maneno yote ya familia niliyarithi mimi, Nashon. Yeye alibakiziwa vidole.

Watu humwita Min Celestine, yaani mama yake Celestine, kwa kuwa huyo ndiye mtoto pekee aliyejaliwa. Mumewe alifariki msichana akiwa bado anaandika kwa penseli. Tangu hapo Rael amesuka. Vikapu ndivyo vilivyomlipia binti karo, vikamvisha viatu, vikamfikisha mpaka akawa mwalimu wa nasari pale mjini. Sijawahi kumsikia dada yangu akilalamika. Mimi ndiye hulalamika kwa niaba yake, na simtozi kitu.

Mwaka wa tisini na sita, muuguzi mmoja Mjerumani aliyekuwa hospitali ya misheni alirudi kwao na mzigo wa vikapu vya Rael. Watu wa kanisa lake wakavigombania kama mikate ya sikukuu. Baada ya muda ikaja bahasha, na ndani yake cheki. Rael akaniletea niisome, maana mimi ndiye msomi wa boma letu. Nilifika darasa la saba, na kama si hesabu, na Kiingereza, na yule mwalimu mkuu, ningefika mbali sana.

Niliitazama ile cheki kwa muda unaostahili. Mbele ya hesabu palikuwa na herufi mbili, DM.

"Hii imetoka kwa mkubwa," nikamwambia. "DO wa tarafa unamjua. DC wa wilaya unamjua. Huyu DM yuko katikati yao."

"Kwani Ujerumani pia kuna DO?"

"Dada, kila mahali penye watu pana DO."

Jumapili Celestine alipokuja akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ni marki, pesa ya huko kwao. Sawa. Hata DC hajui kila kitu. Jambo kubwa ni kwamba, alipotupigia hesabu kwa shilingi, ilionekana ingetosha kuezeka nyumba ya Rael kwa mabati na kubakisha simiti ya sakafu.

Na nyumba ile ilihitaji, nisikufiche. Paa lilikuwa la nyasi zilizochoka. Mvua ikinyesha, Rael alijua sufuria ipi ikae wapi bila kuwasha taa. Hilo peke yake lisingemsumbua, maana alishalizoea. Lililomsumbua ni Maxwell.

Maxwell alikuwa kijana aliyetaka kumwoa Celestine. Mtu mpole, mwembamba, anavaa tai hata Jumamosi. Sasa, kwetu mambo ya mahari huanza kwa mama. Kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa, watu wa kijana huja nyumbani kwa mama wa msichana, wakampa kitu mkononi, na kitu hicho huitwa *ayie*. Ni neno la Kijaluo, maana yake "nimekubali". Mama akishalitamka, amelitamka, halirudi kinywani. Kabla ya siku hiyo kijana na mama mkwe hawakutani. Wakikaribia kupishana njiani, mmoja anaingia shambani mwa watu kama amepotelewa na mbuzi. Hata baada ya siku hiyo hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali meza moja, na mama halali kamwe chini ya paa la mkwe wake. Mama mkwe ni wa kuogopwa kuliko polisi wa barabarani. Polisi mnaweza kuelewana.

Rael akasema hapokei ayie ya mtu yeyote mpaka awe na paa. "Siwezi kukalisha wageni wa binti yangu chini ya nyasi zinazotema maji vichwani mwao."

Nisikilize vizuri hapa, maana hata mimi ilibidi nikae chini ili nielewe. Akaunti ya Rael ilikuwa benki ya Homa Bay. Tawi lilikuwa dogo, na dirisha la pesa za kigeni lilikuwa na karani mmoja tu. Karani huyo alikuwa ni nani? Maxwell. Ili cheki iingie, lazima Rael asimame mbele ya Maxwell atie sahihi akitazamwa. Kusimama mbele ya Maxwell hawezi, maana ayie haijaletwa. Ayie haiji, maana nyumba haina paa. Na paa liko ndani ya cheki.

Cheki ikalala ndani ya kopo la majani ya chai. Mwezi ukapita, na mwingine. Celestine akasema cheki ina umri wake, ikifika miezi sita benki haiitambui tena, inakuwa karatasi ya kufungia njugu. Rael akasikia, akaendelea kusuka. Ulipobaki kama mwezi mmoja, mimi nikavaa koti langu la mazishi na harusi, nikaichukua cheki, nikaenda Homa Bay mwenyewe.

Maxwell aliponiona akasimama kitini. Akanishika mkono kwa mikono miwili kupitia kitundu cha dirisha, ikawa kazi kubwa kuitoa.

"Mjomba, hii cheki ni ya Mama. Siwezi kuipokea kwako."

"Kwani mimi ni mwizi?"

"Hapana, Mjomba. Mwenyewe lazima atie sahihi nyuma mbele ya karani. Karani yeyote." Akaifuta kalamu yake ambayo haikuwa na uchafu. "Tawi lolote lile linapokea. Hata Migori."

Nikatoka nimekasirika. Kukataliwa na mtu ambaye bado anaomba msichana kwenu! Nilipofika nyumbani nikamweleza Rael, na labda niliongeza chumvi kidogo, maana habari bila chumvi hailiki.

Rael akaweka kikapu chini. Hilo lilinitisha, maana mkono wake hausimami hivi hivi.

"Kwa hivyo anataka nikajipange laini mbele yake kama muuza nyanya," akasema. "Huyo kijana anajua mihuri. Adabu sijaona."

"Ni sheria ya benki, dada."

"Basi aoe benki."

Kisha akasema polepole, "Nashon, labda hata hilo paa lingoje. Sina haraka nalo."

Celestine alikuwa amekaa pale anachambua mboga. Vidole vyake vilisimama. Sisi sote watatu tulijua paa likingoja ni nini kingine kinachongoja. Kumbe dada yangu hakuwa anaogopa nyasi tu. Ana mtoto mmoja duniani, na anayemwomba ni mtu aliyemwona kwa mbali mara moja, mgongo wake, akiingia shambani mwa jirani. Angeukubali vipi mgongo?

Asubuhi yake wazo zuri likaniingia. Twende Migori! Benki ni ile ile, karani ni mwingine, na mkwe hayuko. Wazo lilikuwa langu mwenyewe. Wako watu wanaosema Maxwell ndiye aliyelitaja kwanza. Watu husema mengi.

"Migori?" Rael akauliza. "Kwa gari mbili, tukibadilishia Rongo?"

"Cheki imetoka Ujerumani, wewe unalalamikia Rongo?"

Akacheka. Tukaenda.

Siku hiyo Migori ilikuwa siku ya soko. Ndani ya benki kulijaa watu: wakulima wa miwa, wafanyabiashara waliotoka mpakani, na nyuma yetu mama mnene wa kutoka Muhuru Bay aliyenukia omena, wale dagaa wa ziwani, tangu kilemba mpaka ndala. Tulipofika dirishani tukamkuta karani anaitwa Ogeto, Mkisii, miwani imefungwa kamba shingoni.

"Mama, akaunti yako iko wapi?"

"Homa Bay," Rael akasema.

"Na umetoka Homa Bay kuileta huku? Kwani benki ya kule imeanguka?"

"Haijaanguka," nikaingilia. "Tumekuja kutembea. Mji wenu tunausikia tu."

"Mzee, sikukuuliza wewe."

"Najua. Nimejitolea."

Mama wa omena akanisukuma kwa nyuma. "Baba, harakisha hadithi. Mizigo yangu iko nje na kuku wa Migori hawana dini."

Ogeto akageuza cheki, akaigeuza tena, akaiinua kwenye mwanga. "Hii ni sawa. Ataweka sahihi hapa nyuma. Lakini kadi yake ya sahihi iko Homa Bay, na wao ndio watakaoituma ng'ambo. Ngoja niwapigie simu."

Rael akanishika mkono wa koti. Anaelewa Kiswahili chote, ni kukisema tu ndiko anakobanwa. Akaninong'oneza kwa Kijaluo, "Anampigia nani?"

"Bwana mkubwa," nikamwuliza Ogeto kwa heshima zote, "utampigia nani huko?"

"Karani wa pesa za kigeni."

"Hakuna mwingine? Meneja? Askari wa mlangoni? Hata mpishi wa chai."

Ogeto akanitazama juu ya miwani, akazungusha namba. Akapiga kelele "Hallo!" mpaka mkulima mmoja akaangusha kofia. Akaisoma namba ya akaunti, akaieleza sahihi, "ndio, R imekunja mguu, ndio, mkia mrefu," akasikiliza, akaitikia. Kisha akaupitisha mkono wa simu chini ya kioo.

"Mama, shika. Akaunti iko kwao, kwa hiyo wao ndio wanakusomea masharti. Ukikubali, namaliza kazi."

Simu ikakaa pale kwenye kaunta. Rael akaiangalia kama mtu anayeangalia nyoka aliyelala, hajui kama amekufa.

Wazee wetu walikataza macho, wakakataza mikono, wakakataza meza moja. Simu hawakuitaja kwa sababu hawakuijua. Mimi hapo hapo nikatoa hukumu, maana hapakuwa na mzee mwingine. "Humwoni, hakuoni. Kati yenu kuna mlima na mashamba ya miwa. Ongea."

Rael akavuta leso yake akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi, kama afanyavyo mama mkwe anapopishana na mkwe wake. Akakipa kioo mgongo, akajibanza kando ya nguzo, waya wa simu ukanyooka juu ya kaunta kama kamba ya kuanikia nguo. Ndipo akaiweka simu sikioni. Mimi nikabandika sikio langu upande wa pili. Tulifanana na kuku wawili kwenye kiota kimoja.

"Hallo? Ni mteja?" Sauti ya Maxwell, ya kikazi.

Rael akavuta leso chini zaidi.

"Hallo? Ni..." Sauti ikashuka ghafla, kama mtu aliyevua kofia. "Ni Mama?"

Rael akafumba macho. Kule nikasikia kiti kikiburuzwa, na nina hakika kijana alisimama. Akaanza kusoma masharti kwa Kiswahili, haraka, kama anayevuka mto wenye mamba. Rael hakujibu. Akayasoma tena kwa Kijaluo, pole pole. Cheki itatumwa Ujerumani. Itachukua wiki nyingi. Benki itakata ada yake. Ikirudi bila kulipwa, benki haitamlipa. Akamalizia kama masharti yanavyomalizika: je, umekubali?

Aliuliza kwa Kijaluo. Dada yangu akajibu kwa Kijaluo. Na kwa vile alimwona Ogeto akipiga kelele, yeye pia akapaza.

"*Ayie!*"

Benki nzima ikageuka. Wale wasiojua lugha waligeuka kwa sababu ya kelele. Wale wanaoijua waligeuka kwa kuwa walimwona mama aliyejifunika leso, mgongo ameugeuza, analitamka neno lile.

"Haiya!" mama wa omena akasema. "Nani anaozwa benki?"

Rael akaishusha simu kifuani. Sijawahi kuuona uso ule, wala siku ya mazishi ya mumewe, maana siku ile alijua la kufanya.

"Nashon. Nimesema nini?"

Na mimi, mwenye maneno yote ya familia, nilikuwa mkavu.

"Mimi niandike nini?" Ogeto akauliza. "Amekubali ama hajakubali?"

Wewe unayesoma unaweza kucheka. Lakini fikiria. Neno limetamkwa na mama mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, likamfikia mkwe sikioni, na mkono wa mama mtupu. Hakuna aliyekuja nyumbani, hakuna aliyeketi, hakuna aliyempa heshima ya kuombwa. Nawajua vijana ambao kwa neno kama hilo wangetupa kofia juu. Wangekwenda kwa wazee wao wakasema, mama alishakubali, kwenye simu ya benki, na mashahidi wako. Kila ukidai kitu unaambiwa, si ulisema mwenyewe? Tena ingefanywa hadithi ya vilabuni, Min Celestine aliyemtoa binti yake kwa cheki.

Nikaichukua simu. "Hallo," nikasema.

Laini ilikuwa safi kiasi kwamba nilimsikia akimeza mate. Nyuma yake taipu ilikuwa inagonga, tak tak tak.

"Mjomba?"

"Ni mimi."

"Mjomba, laini ya Migori leo ni mbaya sana." Alisema kwa sauti kubwa, na wazi, ili asikike na mtu mwingine zaidi yangu. "Mama ameongea nikasikia upepo tu. Sikusikia neno. Hata moja. Mwombe amjibu karani wa hapo, kwa Kiswahili, nami karani ataniambia."

Rael alikuwa ameegemea bega langu. Alisikia. Alisimama pale, leso ikamteleza ikaanguka mabegani, na hakuirudisha. Kisha akageuka, akamkabili Ogeto kwenye kioo, akasema kwa Kiswahili chake kizito, neno kwa neno:

"Mwambie nakubali. Masharti ya benki."

"Kwani kuna mengine, mama?"

"Mengine si ya dirishani."

Akatia sahihi, ile R yenye mguu uliokunjwa. Ogeto akagonga muhuri. Mama wa omena akampisha Rael njia, kwa heshima ambayo mimi hakunionyesha hata kidogo.

Tulitembea mpaka darajani. Mto Migori ulikuwa mwekundu kwa mvua za juu. Rael akasimama akautazama.

"Alisikia," akasema.

"Alisikia sana."

"Akasema hakusikia."

"Ndiyo."

"Mtu wa benki. Si wamekatazwa kudanganya?"

"Dada, kuna uongo ambao hata askofu angeugongea muhuri."

Hakucheka. Akatembea tena kidogo. "Waambie watu wake waje."

"Paa likikamilika?"

"Waje."

"Na mvua hii?"

"Nashon, una masikio kama ya huyo kijana? Nimesema waje. Paa nililingoja kwa sababu sikumjua mtu."

Wakaja kabla hata cheki haijafika Ujerumani, nadhani ilikuwa bado inatafuta njia baharini. Na mvua nayo ikaja, kama iliyoalikwa. Baba mdogo wa Maxwell, mzee Jeremiah, alihamisha kiti mara tatu, na kila alipohamia tone likamfuata. Mwisho likaanguka ndani ya bakuli lake la kuku. Rael alikuwa upande wa jikoni, nyuma ya pazia, nikaona pazia limetulia tuli.

"Nyumba hii haina uchoyo," mzee akasema. "Hata mchuzi wanaongeza bila kuombwa."

Pazia likatikisika kwa kicheko. Maxwell alikaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa, tai yake imelowa, hakuthubutu kutazama upande ule. Walipompelekea Rael kitu chake nyuma ya pazia, alikaa nacho kwa muda mrefu. Alichosema hapo ni cha akina mama, mimi nilikuwa nakula.

Pesa za Mjerumani ziliingia baadaye, mabati yakapanda, na mimi ndiye niliyesimamia mafundi. Kama kuna bati limepinda, ni upepo. Celestine na Maxwell wakafunga ndoa kanisani mwezi wa Desemba. Vikapu bado huenda Ujerumani, na cheki bado huja.

Kila ikija, Rael huvaa kitenge chake kizuri akafunga safari ya Migori. Nimemwambia nauli inamla. Nimemwambia siku hizi dirisha lile la Homa Bay lina makarani wawili, achague yule mwingine. Anasuka tu.

"Huyo mwingine amekaa ubavuni pake," husema. "Nikiingia pale, mtoto wa watu atalazimika kujificha chini ya meza, na wateja wanamwangalia. Kwa nini nimtie taabu?"

Halafu hurudi kwenye nyuzi zake, midomo ikihesabu.